Wazee wasioona wa Alabama walivyoungana na kijana wa soul

KWAYA za Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua ulio kando ya barabara ya Moi South Lake viungani mwa mji wa Naivasha, Kaunti ya Nakuru, haziwezi kutegemea lugha moja ya mama. Wakazi wa mtaa huo walifuata ajira wakitoka Magharibi, Nyanza, Kati, Ukambani na kwingineko, na wanapokutana kanisani Kiswahili ndicho huwaunganisha. Wimbo ambao mmoja alifunzwa na nyanyake kwa Kikuyu, mwenzake aliujua kwa Kiluhya na wa tatu kwa Kijaluo. Sauti ni ile ile. Maneno ndiyo hutafutiwa mahali pa kukutania.

Mkutano mgumu zaidi, hata hivyo, si wa lugha bali ni wa umri. Katika kwaya za aina hii huwamo wazee waliolelewa kwa Nyimbo za Injili na Tenzi za Rohoni, wanaojua kugawa sauti nne kwa do-re-mi na wasiohitaji ala yoyote ili kuanza kuimba. Huwamo pia vijana waliolelewa na redio na simu, wenye kinanda cha umeme kilichosheheni midundo ya kuhifadhiwa, na ambao masikio yao yamezoea soul kutoka Marekani na vibao vya Sauti Sol kutoka Nairobi. Siku ya kwenda studioni ikiwadia, maswali huwa mengi. Nani atamfuata mwenzake? Wimbo utaanzia sauti ya juu anayoiweza kijana au ya chini anayoiweza mzee? Jina la nani litatangulia kwenye santuri? Na zikipatikana pesa, zitagawanywa vipi?

Maswali hayo yaliwahi kukabiliwa, tena hadharani, na watu waliokuwa na mengi ya kupoteza. Mnamo Septemba 2004 kundi la Blind Boys of Alabama, ambalo waasisi wake walikuwa wamevuka umri wa miaka 70, lilitoa albamu There Will Be a Light kwa ushirikiano na Ben Harper, mwanamuziki wa soul, blues na roki aliyekuwa na umri wa miaka 34. Wazee hao walikuwa wameimba injili kwa miaka 65 bila kuiacha. Kijana huyo alikuwa na mashabiki wake, kampuni yake ya kurekodi na nyimbo zake za kidunia. Jinsi walivyokubaliana ndilo jambo linalofanya albamu hiyo istahili kurejelewa na yeyote aliye na kwaya ya wazee upande mmoja na kijana mwenye gitaa upande wa pili.

Wavulana wa Talladega

Jina la kundi hilo, yaani Wavulana Vipofu wa Alabama, si la kubuni wala la kutafuta huruma. Mwaka wa 1939, katika shule ya watoto Weusi wasioona na wasiosikia mjini Talladega, jimbo la Alabama, wavulana kadhaa waliunda kikundi cha kuimba. Miongoni mwao walikuwemo Clarence Fountain na George Scott, wote wawili waliozaliwa mwaka wa 1929. Hii ilikuwa enzi ya sheria za ubaguzi wa rangi kusini mwa Marekani. Mtoto Mweusi asiyeona hakutarajiwa kufika mbali zaidi ya kazi za mikono kama vile kusuka viti na kutengeneza mifagio. Redio ndiyo iliyowapa wavulana hao mawazo mengine. Walilisikiliza kundi la Golden Gate Quartet, wakaiga mpangilio wake wa sauti, wakajiita Happy Land Jubilee Singers.

Mwaka wa 1944 waliacha shule na kuingia barabarani kama waimbaji wa kulipwa, wakianza na kipindi cha redio mjini Birmingham kilichoitwa Echoes of the South. Safari haikuwa nyepesi. Mwaka wa 1947 mmoja wa waasisi, Velma Traylor, alifariki katika ajali ya bunduki. Mwaka uliofuata, mwandalizi mmoja wa matamasha mjini Newark, New Jersey, aliwapambanisha na kundi jingine la waimbaji wasioona kutoka Mississippi. Mashabiki walifurika kushuhudia vipofu wa Alabama wakishindana na vipofu wa Mississippi. Tangazo hilo la biashara ndilo lililowapa jina walilokufa nalo.

Ni vyema kueleza walikuwa wakiimba nini hasa, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha ushirikiano uliofuata miongo mingi baadaye. Kwaya ya kanisa nyingi tunazozijua hupanga sauti nne na kuziendesha pamoja toka mwanzo wa ubeti hadi mwisho. Makundi ya injili ya Wamarekani Weusi ya miaka ya 1940 na 1950 yalikuwa na mtindo tofauti. Mwimbaji kiongozi mmoja hutangulia. Wenzake humwitikia kwa maneno machache yasiyobadilika, wakiyarudia tena na tena kama wanaotwanga. Kadiri maneno hayo yanavyokazana, ndivyo kiongozi anavyopata uhuru wa kuuacha wimbo ulivyoandikwa: atalia, atanong'ona, atahubiri, atapiga ukelele, kisha arejee bila kupotea kwa sababu wenzake hawajahama. Fountain alisifika kwa ukelele. Katika kumbi za injili za wakati huo, kufaulu kwa kundi kulipimwa kwa idadi ya wasikilizaji waliozidiwa na kuinuliwa kutoka vitini.

Msikilizaji wa Bonde la Ufa hawezi kuuona mtindo huu kuwa mgeni. Kiongozi na kiitikio ndiyo mifupa ya nyimbo nyingi za jandoni, za harusini na za kuvuna, na wafuasi wa Akorino huimba vivyo hivyo kwa ngoma zao kila wiki. Kilichoelekea kuwatenga wazee wa kwaya zetu na mtindo huo ni kitabu cha nyimbo, wala si masikio yao.

Mpaka ulikuwa wapi?

Mwaka wa 1953 kundi la Alabama lilianza kurekodi na kampuni ya Specialty. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na kundi la Soul Stirrers, ambalo mwimbaji wake kijana, Sam Cooke, alikuwa akiwatoa machozi akina mama wa kanisa kote nchini. Mwaka wa 1957 Cooke aliiacha injili, akaimba You Send Me, wimbo wa mapenzi, na akawa nyota wa taifa zima. Wazee wa Alabama walisimulia mara nyingi kwamba wao nao walishawishiwa kufuata njia hiyo, wakakataa.

Kukataa huko kulikuwa na gharama. Muziki wa soul ulioibuka miaka hiyo ulikuwa umejengwa kwa mali ya kanisa. Ray Charles alipotoa I Got a Woman mwishoni mwa 1954, aliyemsikiliza kwa makini aligundua kwamba aliyoyabadilisha ni maneno. Kilio, makofi na kiitikio vilikuwa vya Jumapili. Waliovuka mpaka walipata magari na majumba. Waliobaki waliendelea kuzunguka katika makanisa madogo na kumbi za shule, na kadiri miaka ya 1960 ilivyosonga wasikilizaji wao walizidi kupungua. Mwaka wa 1969 Fountain mwenyewe aliondoka kundini kuimba peke yake, kabla ya kurejea katika miaka ya 1970.

Aliyewafufua hakutoka kanisani. Mwaka wa 1983 mwongozaji Lee Breuer na mtunzi Bob Telson waliandaa jijini New York mchezo wa The Gospel at Colonus, ambamo kisa cha Kigiriki cha mfalme Oedipus aliyepofuka kilisimuliwa kama ibada ya kanisa la Weusi. Fountain na wenzake waliigiza kwa pamoja uhusika wa mfalme huyo. Mwaka wa 1988 mchezo ulifika Broadway. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga kanisa la injili waliwasikia kwa mara ya kwanza.

Kisha ikaja albamu Spirit of the Century ya mwaka wa 2001, iliyotolewa na Real World, kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Humo wazee waliimba Amazing Grace kwa sauti ya The House of the Rising Sun, wimbo wa zamani unaohusu nyumba ya maangamizi mjini New Orleans. Waliimba pia tungo za Tom Waits na za Rolling Stones, watu ambao hakuna mzee wa kanisa angewakabidhi mimbari. Albamu ilitwaa tuzo ya Grammy.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hapo ndipo wazee walipoonyesha walikoupitisha mpaka wao. Hawakuwa wamekataa sauti ya mtu yeyote, ala ya mtu yeyote wala mtunzi yeyote. Walichokataa tangu 1957 ni kubadilisha anayeimbiwa. Ukishakijua kitu kimoja usichoweza kukitoa, mengine yote unaweza kuyajadili. Wengi wetu hufanya kinyume: tunagombania gitaa na mavazi, kisha tunaachilia maneno yapite bila kukaguliwa.

Mjukuu wa duka la ala

Ben Harper alizaliwa Oktoba 28, 1969 katika jimbo la California. Babu na nyanya yake upande wa mama walianzisha mwaka wa 1958 duka na makavazi ya ala za muziki mjini Claremont, na mvulana huyo alikulia humo, akizungukwa na gitaa, banjo na ngoma za kila pembe ya dunia. Ala aliyoipenda zaidi ni gitaa la Weissenborn, ambalo mpigaji hulilaza mapajani na kuteleza chuma juu ya nyuzi zake. Sauti yake huvutika kama ya mtu anayeomboleza. Alitoa albamu yake ya kwanza mwaka wa 1994 na akajipatia wafuasi wengi, hasa Ufaransa na Australia.

Harper hakuwa mwimbaji wa injili, lakini katika tungo zake Mungu hutajwa bila aibu. Wimbo wake I Shall Not Walk Alone ulitoka mwaka wa 1997 katika albamu yake ya kidunia. Miaka mitano baadaye, wazee wa Alabama waliuimba katika albamu yao Higher Ground ya mwaka wa 2002, ambayo Harper alishiriki. Kwa hivyo kijana hakuja kuomba nafasi kwa wageni. Wazee ndio waliotangulia kuuchukua wimbo wake, wakaujaribu vinywani mwao, wakauona una uzito.

Kuna kiungo kingine ambacho sisi wa Afrika hatupaswi kukiacha. Mwaka wa 2003 Harper alirekodi wimbo Picture of Jesus pamoja na Ladysmith Black Mambazo wa Afrika Kusini, kundi la Joseph Shabalala lililojulikana ulimwenguni kupitia albamu Graceland ya Paul Simon ya mwaka wa 1986. Mwaka mmoja baadaye aliuimba wimbo huo upya na wazee wa Alabama. Anayetaka kujua jinsi wimbo mmoja unavyobadilika kwa kubadilishiwa waitikiaji na azisikilize rekodi hizo mbili, moja baada ya nyingine. Kwa Wazulu, sauti nzito za chini hutandikwa kama mkeka na kiongozi hupita juu yake polepole. Kwa wazee wa Alabama, sauti zimechakaa, zina mikwaruzo, na kila mmoja anasikika akiwa yeye.

Ndani ya albamu

Kazi ilianza kwa nia ndogo. Kwa mujibu wa simulizi za wahusika, Harper alikusudia kuwasaidia wazee kwa nyimbo chache tu za albamu yao iliyofuata. Nyimbo ziliongezeka hadi zikawa albamu nzima ya nyimbo 11, iliyopigwa na baadhi ya wanamuziki wa bendi ya Harper.

Mambo matatu yanasikika humo.

La kwanza ni kwamba Harper alitunga kwa kipimo cha waimbaji aliokuwa nao. Nyimbo zake humo zina beti fupi na kiitikio kinachoshikika kwa kusikia mara moja. Jambo hilo ni la lazima unapowatungia watu wasiosoma karatasi iliyo mbele yao, na ndilo la lazima vilevile unapowatungia wazee wa mtaani waliotoka kazini jioni. Hakuwapa maneno mengi ya kukariri. Aliwapa sentensi chache zinazovumilia kurudiwa mara ishirini bila kuchosha.

La pili ni kwamba alijua wakati wa kunyamaza. Katika Mother Pray ala zote zimewekwa chini na wazee wanaachwa na sauti zao tupu, kama walivyoanza shuleni Talladega. Katika 11th Commandment hali ni kinyume: hakuna anayeimba, gitaa la mapajani linazungumza peke yake. Kila upande ulipewa mahali pa kusimama bila mwenzake. Ni jambo dogo, na ndilo ambalo vijana wetu wa kinanda hulisahau upesi zaidi. Kinanda cha umeme kina uwezo wa kujaza kila nafasi iliyo tupu, na anayekipiga huona haya kuiacha.

La tatu ni mchanganyiko wa nyimbo zenyewe. Zimo tungo za Harper, umo Satisfied Mind, wimbo wa zamani wa wazungu wa mashambani, na umo Well, Well, Well, ambao Bob Dylan alishiriki kuutunga. Vyote hivyo vimetiwa katika chungu kimoja bila mtu kuulizwa ametoka dhehebu gani.

Ushirikiano huo, licha ya hayo, haukuwa wa usawa kamili, na haifai kuupamba. Jina la Ben Harper lilitangulia kwenye jalada, la wazee likafuata. Kampuni iliyoitoa albamu ilikuwa Virgin, ambayo ilikuwa kampuni ya Harper. Wapo watakaosema kwamba watu walioimba tangu 1939 hawakustahili kuandikwa wa pili baada ya mtu aliyezaliwa wakiwa tayari na miaka 40. Hoja hiyo ina uzito. Upande wa pili wa mizani ni kwamba jina la kijana ndilo lililouza tiketi, na wazee walikuwa wameshaona miaka ya kumbi tupu. Walichagua kusikika. Katika tuzo za Grammy za Februari 2005, albamu iliibuka bora katika kitengo cha injili ya kitamaduni ya soul, nayo 11th Commandment ikampa Harper tuzo nyingine ya muziki usioimbwa.

Kabla ya hapo, Oktoba 12, 2004, walikuwa wamepanda pamoja jukwaa la Apollo mtaani Harlem, jijini New York, ukumbi ambao tangu 1934 umewapima wanamuziki Weusi bila huruma. Kwa kawaida wazee hao huingia jukwaani kwa mstari, kila mmoja mkono wake ukiwa begani mwa aliye mbele. Jimmy Carter, aliyesoma shule ile ile ya Talladega na ambaye jina lake lilifanana na la rais wa 39 wa Marekani, alizoea kuongozwa kushuka kati ya watu huku akiimba, na wasikilizaji waliokuja kumtazama kijana wakajikuta wamesimama kwa ajili ya mzee. Onyesho hilo la Apollo lilirekodiwa na kutolewa mwaka wa 2005.

George Scott hakuishi kuyafurahia matunda hayo. Alifariki Machi 9, 2005, majuma machache baada ya tuzo, akiwa na umri wa miaka 75. Sauti yake nzito, iliyoanza kusikika akiwa mvulana wa miaka 10, ilihifadhiwa katika albamu hiyo kwa wakati wake. Laiti mazungumzo ya jina la nani litangulie yangechukua mwaka mmoja zaidi, asingekuwemo.

Yaliyotokea kwetu

Kenya ina visa vyake, ingawa hakuna kinachofanana kabisa na hicho. Joseph Kamaru, gwiji wa muziki wa Kikuyu aliyezaliwa mwaka wa 1939, alitangaza mwaka wa 1993 kwamba anaziacha nyimbo za kidunia na kuimba injili. Mashabiki wengi walilalamika. Kwake mpaka ulikuwa mlango wa kufungwa kabisa, tofauti na wazee wa Alabama waliouacha wazi upande wa sauti. Kamaru alifariki Oktoba 3, 2018. Mjukuu wake, mwanamuziki wa ala za kielektroniki anayejulikana kwa jina KMRU, ameshughulika kuzisafisha na kuzitoa upya rekodi za babu yake. Huo pia ni ushirikiano wa vizazi, hata kama mmoja wao hayupo tena kuuamulia.

Aliye karibu zaidi na wazee wa Talladega ni Reuben Kigame. Alizaliwa mwaka wa 1966 na akapoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka mitatu. Alisomea shule za wasioona za Kibos na Thika kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Akiwa na kundi lake la Sifa Voices, alimpa nafasi Gloria Muliro, aliyekuwa bado chipukizi, na wimbo Huniachi walioimba pamoja ukaimbwa katika makanisa ya kila dhehebu nchini. Hapa mkongwe ndiye aliyekuwa na studio, tungo na jina. Kijana ndiye aliyeletwa. Muliro aliondoka hapo akiwa na msingi wa kusimama mwenyewe, na akasimama.

Nao Sauti Sol, kundi lililoasisiwa mwaka wa 2005 na vijana waliokutana katika shule ya Upper Hill jijini Nairobi, walirekodi mwaka wa 2015 wimbo Kuliko Jana pamoja na kwaya ya RedFourth Chorus. Ulikuwa wimbo wa sifa ndani ya albamu ya mapenzi na starehe, ukiimbwa kwa Kiswahili na bila ala. Wapo viongozi wa kanisa ambao hadi leo hawapendi kuusikia kanisani kwa sababu ya wenye wimbo. Wapo pia waumini wanaouimba bila kujua ni wa nani. Kwaya hiyo haikuwa ya wazee, lakini kisa hicho kinathibitisha kwamba kijana wa soul anapotaka heshima ya sauti nyingi, bado hurejea kwa kwaya.

Kwa kwaya ya mtaa kama Karagita, tofauti kubwa na Alabama ni muda. Mashamba ya maua hayasubiri mazoezi. Msimu wa Siku ya Wapendanao unapokaribia kila Januari na Februari, kazi ya kuvuna na kufunga waridi huongezeka, na kwaya iliyokuwa na waimbaji 20 huweza kubaki na saba. Hapo ndipo mtindo wa kiongozi na kiitikio huwa na faida kuliko sauti nne za kitabuni, kwa kuwa waitikiaji watatu wanaoshikilia wanatosha kumbeba kiongozi mmoja, ilhali sauti nne zikikosa besi huporomoka. Sauti ya mzee nayo hushuka kadiri umri unavyosonga. Kijana anayeteremsha wimbo ngazi mbili ili mzee aufikie hapotezi kitu, mradi kinanda chake kina kitufe cha kufanya hivyo.

Kuhusu pesa, jambo linalofaa kujulikana ni kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 hutenganisha haki ya aliyetunga, haki ya aliyeimba na haki ya aliyerekodi. Wimbo wa kale wa kitabuni ambao mtunzi wake alifariki zamani unaweza kuwa hauna mwenyewe tena, lakini mpangilio mpya na rekodi mpya vina wenyewe. Anayeweka kinanda, akalipia studio na kupeleka jina lake pekee kusajiliwa anaweza kujikuta yeye ndiye mwenye kazi yote machoni pa sheria, hata kama wazee ndio walioufahamu wimbo. Karatasi moja yenye majina na sehemu ya kila mtu, ikitiwa sahihi kabla ya kurekodi, hugharimu bei ya karatasi.

Harper hakuiacha njia hiyo. Mwaka wa 2019 alitunga na kusimamia albamu We Get By ya Mavis Staples, binti wa kundi la injili la Staple Singers, aliyezaliwa mwaka wa 1939 na aliyetimiza miaka 80 mwaka huo huo. Safari hii jina lililokuwa kwenye jalada lilikuwa la mzee pekee.

Clarence Fountain alifariki Juni 3, 2018. Jimmy Carter alistaafu mwaka wa 2023, mwaka ambao kundi lilitoa albamu iliyopewa jina la kile kipindi cha redio cha Birmingham, Echoes of the South. Ilishinda Grammy mwezi wa Februari 2024. Uongozi ulipitishwa kwa Ricky McKinnie, asiyeona pia, aliyejiunga na kundi mwaka wa 1989 akiwa mpiga ngoma.